Frankenstein ya 1910: mbona zimwi halikupewa nafasi ya kujieleza?

MamaZuhura: Habari za jioni jamani. Wiki hii nimemaliza riwaya ya Mary Shelley ya 1818, na jana usiku nikaitazama filamu bubu ya kampuni ya Edison. Nimebaki na donge kooni. Kitabuni, zimwi linamketisha muumba wake kibandani mlimani na kumsimulia lenyewe, sura baada ya sura: lilivyojibanza kando ya nyumba ya familia maskini, likajifunza kusema kwa kuwachungulia kwenye ufa. Hapo ndipo nilipolia. Filamuni hayo yote hayamo. Linaibuka, linatisha, basi. Ni kwa sababu filamu haikuwa na sauti?

Mkanda_wa_Kale: Sauti ni sehemu tu, dada. Ilikuwa mkanda mmoja tu wa filamu, kama robo saa hivi. Masimulizi yale yangeilaza. Halafu kuna woga wa watengeneza filamu. Mkesha wa Krismasi 1908 meya wa New York alifunga majumba ya sinema ya mji mzima kwa madai ya usalama na maadili. Edison wenyewe, walipoitangaza Frankenstein, walisema wamejitahidi kuyaondoa yanayochukiza. Lakini usiidharau! Zimwi linapoumbwa ndani ya pipa, walichoma sanamu kisha wakaonyesha mkanda kinyumenyume, ndiyo maana nyama inaonekana kurudi mfupani. Mpaka leo nywele zinanisimama.

MamaZuhura: Pipa lile nimelipenda, sikatai. Ila kutisha si kueleweka. Asiyesoma kitabu atajuaje kwamba lile zimwi lilitamani rafiki tu?

Bibi_Vitabu: Mwanangu, kakitazame tena kile kioo. Unakumbuka kitabuni zimwi linajiona kwa mara ya kwanza kwenye maji yaliyotulia, likashtuka? Dawley, aliyeiongoza filamu, ameyageuza maji kuwa kioo. Mwishoni zimwi linatoweka, taswira yake inabaki kiooni, na Frankenstein, yule muumba wake, akija kujitazama anaiona ile ya zimwi mahali pa yake. Hakuna neno lililosemwa, lakini pale nilielewa kwamba hao wawili ni kitu kimoja.

MamaZuhura: Shikamoo bibi. Nimerudi kuitazama, mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa namwangalia Frankenstein. Safari hii nikamwangalia Charles Ogle, aliyecheza zimwi, anavyoinyooshea mikono taswira yake kabla hajatoweka. Bado naidai ile sura ya kibandani. Ila mikono ile imesema kitu.

Bibi_Vitabu: Marahaba mwanangu.