Forodhani: njia ya ukingoni ikitengenezwa tena, meza za chakula zibaki au ziondoke?

Assalaam alaykum ndugu zangu. Kila yakizungumzwa matengenezo ya Forodhani, ile bustani ya ukingo wa bahari Mji Mkongwe wa Zanzibar, wapo wanaotaka ile njia ya ukingoni irejeshwe kama zamani: watu wapunge upepo, na wauza chakula watafutiwe pahala pengine. Wanataja 1936, mwaka wa jubilei ya Sultani Khalifa bin Harub, ambayo ndiyo iliyoipa bustani jina lake la mwanzo. Mimi nawapinga, japo nusu ya malalamiko yao ni kweli.

Zamani ipi hasa? Kabla ya bustani, pale palikuwa na maghala na pilikapilika za forodha, na tangu 1905 gari la moshi la kwenda Bububu likianzia jirani na Ngome Kongwe. Kazi ilitangulia, maua yakaja baadaye. Hata mradi wa Aga Khan wa kuitengeneza bustani, uliokamilika 2009, haukuwafukuza wauzaji, uliwawekea utaratibu.

Lakini tusidanganyane. Pita pale saa mbili usiku: mafuta ya karai yamemwagika sakafuni yakaganda meusi, moshi wa mishikaki unakufuata, na mama mwenye kigari cha mtoto anajipenyeza baina ya viti vya wateja na ndoo ya makapi ya miwa. Hapo njia hakuna tena, umeingia jikoni kwa watu.

Halafu kuna vijana wanaochupa. Jioni maji yakijaa wanakuja mbio, peku, wanajirusha baharini na kupinduka hewani, watu wamejaa kuwatazama. Anayechupa anahitaji pa kupigia mbio kabla ya kuruka. Meza zikiziba ukingo, hana nafasi; mkiweka vyuma vya kuzuia watu wasianguke, ndiyo basi kabisa. Wenye kuogopa ajali nawaelewa, ila mimi ningetaka ngazi imara za kupandia na taa zinazowaka.

Kwa hiyo nasema: meza zote zirudi ndani, upande wa Ngome, zipate sakafu ya kuosheka na mifereji ya maji machafu. Ukingo ubaki wazi mwanzo hadi mwisho. Na kazi ifanywe kipande kwa kipande, maana ukiifunga bustani nzima, muuza urojo atakula nini miezi yote hiyo?

Anayetaka meza ziondoke kabisa atuambie zinakwenda wapi. Asiseme tu "watatafutiwa", hilo tumeshalisikia.