Manjano ya kiwanda cha dawa: nikaushe vipi Pemba hii?

Assalaam alaykum wandugu. Nina nusu eka ya manjano huku Konde, pembeni ya mikarafuu ya marehemu baba. Mnunuzi wa kiwanda cha dawa anataka vipande vikavu, unyevu usizidi asilimia 10, na rangi haimshughulishi, anapima kurkumini (kile kiini cha dawa kilichomo ndani ya manjano). Msimu uliopita nilichemsha, nikakata, nikaanika kwenye jamvi lile lile la karafuu (karafuu nazijua, haya bado najifunza). Mvua za vuli zikanikuta. Siku ya tatu vikaota ukungu wa kijani. Magunia 2 yakarudishwa, nauli juu yangu. Sasa nijenge kichanja chenye paa la nailoni, au kosa ni kule kuchemsha? Na mbegu hii ya kienyeji itafika kipimo, au napoteza miezi 9 mingine? Aliyewahi kuuza anijuze.