Mjadala: Je, sheria iwape babu na bibi haki ya kuwaona wajukuu wao?

Mleta mada

Ndugu zangu, swali ni hili. Mzazi akiamua kwamba wanawe hawataonana tena na babu na bibi yao, je, wazee hao waruhusiwe kwenda mahakamani kudai siku za kuwaona? Simzungumzii mzazi mlevi au mtesaji, maana huyo sheria nyingi zimeshamtafutia njia. Nauliza kuhusu mzazi mwema, anayelea vizuri, aliyesema hapana.

Nina upande katika jambo hili, na ni haki yenu kuujua. Nilikuwa na miaka saba baba alipofariki. Mpaka wakati huo kila Jumamosi nilishinda kwa bibi mzaa baba. Baada ya msiba kukapita maneno kati yake na mama, maneno ambayo hadi leo sijaambiwa yote, na Jumamosi zikakoma. Hakuna aliyenieleza. Nikaamini kwamba bibi naye amekufa, ila watu wazima wananificha. Nilipompata tena nilikuwa na miaka kumi na tisa na kumbukumbu zake zilikuwa zimeshakwenda. Aliniita kwa jina la baba.

Hata hivyo siungi mkono wazee wanaodai wajukuu kana kwamba wamedhulumiwa shamba. Kesi inayotajwa sana katika suala hili ni ya Troxel dhidi ya Granville, ya Marekani. Kijana wa akina Troxel alifariki mwaka 1993, akaacha mabinti wawili wadogo. Wazee wakaendelea kuwaona kwa miezi kadhaa, kisha mama wa watoto akasema sasa iwe ziara moja fupi kwa mwezi. Hapo ndipo wengi wanapokosea wanaposimulia kesi hii: mama hakukataa, alipunguza. Wazee wakashtaki, wakitaka wikiendi mbili kila mwezi watoto wakilala kwao, pamoja na wiki mbili za kiangazi. Jaji wa kwanza akawapa wikiendi moja kwa mwezi, wiki moja ya kiangazi, na saa nne katika siku ya kuzaliwa ya babu na ya bibi.

Saa nne za siku ya kuzaliwa ya babu! Katika kipengele hicho mtoto simwoni kabisa.

Mwaka 2000 Mahakama ya Juu ya Marekani ikampa mama ushindi, majaji sita dhidi ya watatu. Jaji Sandra Day O'Connor alieleza kwamba sheria ya jimbo la Washington ilikuwa pana kupita kiasi, kwa sababu ilimruhusu mtu yeyote kuomba wakati wowote, na kwamba jaji wa chini hakuupa uzito uamuzi wa mama ambaye hakuna aliyesema ni mzazi mbaya. Lakini mahakama haikufunga mlango. Wakati huo majimbo yote 50 yalikuwa na sheria ya namna fulani kuhusu babu na bibi, na haikusema kwamba zote ni batili.

Wafaransa wamelishika jambo hili kwa mkono mwingine. Kifungu cha 371-4 cha sheria yao ya madai kinasema mtoto ndiye mwenye haki ya kuwa na uhusiano na babu na bibi zake, na kwamba ni masilahi ya mtoto pekee yanayoweza kuzuia uhusiano huo. Haki ikiwa ya mtoto, swali analoulizwa jaji linabadilika. Haulizwi tena kama bibi ameonewa. Anaulizwa mtoto huyu atapungukiwa na nini.

Huo ndio msimamo wangu: haki iwe ya mtoto, na mlango wa mahakama ufunguliwe pale tu ambapo uhusiano ulikuwapo kweli ukakatwa. Mzee ambaye hajawahi kumbeba mjukuu asianze kufahamiana naye kwa hati ya wito.

Mchangiaji wa kwanza

Pole kwa yaliyokukuta, ndugu. Ila mimi ndiye yule mama aliyesema hapana, basi nisikilizeni na mimi.

Mama mkwe hakuwahi kumpiga mtoto wala kumnyima chakula. Kosa lake halipigiki picha. Kila watoto wakirudi kutoka kwake, mkubwa alikuwa ananitazama kwa jicho jingine. Siku moja akaniuliza, "Mama, ni kweli baba aliugua kwa sababu yako?" Alikuwa na miaka sita. Nilikwenda kuzungumza na mama mkwe, nikarudi mara ya pili na mtu mzima wa ukoo, akakana yote. Nikakata.

Sasa niambie, mbele ya hakimu nitathibitisha nini? Nimpandishe mwanangu kizimbani arudie maneno ya bibi yake? Unasema "masilahi ya mtoto" kana kwamba ni kitu kinachopimwa kwenye mizani. Kesi yenyewe ni adhabu. Mjane anayelea peke yake anakosa kazi kuhudhuria mahakama, anatafuta wakili, na wazee wenye akiba yao wanaweza kumchosha mpaka akubali. Hata akishinda ameshalipa.

Mchangiaji wa pili

Mimi ni bibi. Nimelea wajukuu wawili kwa miaka minne, binti yangu akiwa mgonjwa. Niliwaogesha, niliwapeleka shule, nililala nao wakiwa na homa. Binti akafariki, baba yao akaoa, wakahama. Namba ya simu ikabadilishwa. Sitaki wikiendi wala kiangazi. Nataka wajue kwamba sikuwatupa.

Mleta mada

Mama, shikamoo. Hilo la mwisho ndilo nililokuwa sijui kulisema vizuri, ukalisema kwa maneno machache. Wewe ndiye ninayetaka sheria imfikirie. Uliyofanya ni kulea, na kwa watoto hao aliyeondoka si mgeni.

Dada yangu wa mchango wa kwanza, sina jibu la kukutosha na sitajifanya ninalo. Umenirudisha nyuma kwa jambo moja. Niliandika kana kwamba mahakama ni chumba ambacho watu huingia na kutoka bila jeraha. Ndiyo maana naona Uingereza waliona mbali: chini ya Sheria ya Watoto ya mwaka 1989, babu au bibi kwa kawaida huomba kwanza kibali cha kufungua maombi, na mahakama hutazama uhusiano wake na mtoto, na hatari ya maombi hayo kuyavuruga maisha ya mtoto. Mzee akishindwa hapo, kesi haianzi. Mimi ningeongeza kwamba gharama za hatua hiyo zisimguse mzazi hata kidogo, na mzigo wa kuthibitisha ubaki kwa mzee tangu mwanzo hadi mwisho. Na kwa yule anayemlisha mtoto chuki dhidi ya mama yake, hilo peke yake litoshe kumnyima kibali.

Lakini nakuuliza kitu, na ninauliza kama aliyekuwa mtoto huyo. Uliwaeleza nini wanao siku ulipokata? Mimi nisingemlaumu mama kwa kunitenga na bibi, kama angenikalisha chini akaniambia tu kwamba bibi yuko hai.