Saadani kwa hema, mwezi mpevu: naomba ushauri wa njia, hema na kutembea

Mkwaju88
Habari wakuu. Tunapanga kwenda Hifadhi ya Saadani kutoka Dar mwezi wa nane, watu wanne, tulale mara mbili, Prado moja. Tarehe tumelenga mwezi mpevu ili usiku pawe na mwanga. Mahema ni mawili ya kawaida, yale ya nguzo za kupinda, na vigingi vyake ni vile vyembamba vya chuma. Tupite Bagamoyo au Chalinze? Hema tulisimamishe wapi tuisikie bahari bila kulowa? Na kutembea kwa miguu kunaruhusiwa?

Bamvua
Mkuu, anza na huo mwezi. Mwezi mpevu ndio bamvua, yaani maji makubwa yanayojaa na kupwa kupita kawaida, na maji hupanda zaidi siku moja au mbili baada ya mwezi kutimia. Kwa pwani yetu, bamvua hujaa karibu saa kumi jioni na tena saa kumi alfajiri, kisha kila siku husogea mbele kama dakika 50. Maana yake saa nne usiku, mkimaliza kula, maji yamekupwa na ufuo ni mpana kama uwanja wa mpira. Hapo ndipo watu hudanganyika wakasogeza hema chini. Tofauti ya kupwa na kujaa hukaribia mita 4, na ufuo ukiwa bapa, nusu mita ya kimo hula mchanga mwingi sana.

Tafuteni mstari wa juu kabisa wa mwani uliokauka, si ule mbichi wa leo. Huo mkavu ndio alama ya bamvua iliyopita. Hema likae juu yake, penye majani yaliyoota na kushika mizizi. Msilale kwenye uwanda wa chumvi nyuma ya mikoko hata ukionekana mkavu: maji ya bamvua huingia kimyakimya kupitia vijito, si kwa mawimbi. Chini ya mnazi pia hapana.

Kambi ni zile zilizotengwa na hifadhi, hivyo mwulizeni askari ni sehemu gani ya kambi iliyo juu zaidi. Upande wa Madete, ambako kasa hutaga, zimeni taa zote zinazoelekea ufuoni. Vitoto vya kasa hufuata mwanga, na taa ya kambi huvivuta nchi kavu badala ya baharini.

FundiTairi
Njia: ya Chalinze mnakata kulia Mandera, kutoka hapo takriban kilomita 60 hadi Saadani. Ya Bagamoyo inapita Makurunge. Mwezi wa nane zote mbili kwa kawaida ni kavu, kwa hiyo chagueni kwa kumpigia simu mtu wa lango siku moja kabla. Adui ni udongo wa mbuga, ule mweusi. Ukikauka unapasuka nyufa, ukipata mvua ya saa moja unashika tairi mpaka mashimo ya kashata (meno ya tairi) yanajaa na tairi linageuka laini. Hapo 4x4 haikusaidii. Ndiyo maana Machi hadi Mei simshauri mtu kabisa.

Kwenye mchanga shusheni upepo wa tairi kutoka psi 32 hadi 18 au 20, tairi zote nne. Chini ya 15 tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu ukikata kona. Mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa. Mkirudi barabara ngumu jazeni upepo kabla ya kukimbia, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo hupata joto ubavuni na kupasuka. Kwa hiyo pampu ya kuchomeka kwenye betri na kipimo cha upepo ni lazima. Ongezeni koleo na mbao mbili za urefu wa mita moja. Gari likianza kuzama, acha mafuta papo hapo. Ukikanyaga unachimba mpaka ekseli ilale. Uwanda wa chumvi msiuendeshe: juu gamba, chini tope.

Turubai
Vigingi hivyo viacheni nyumbani. Mchanga mkavu hauvishiki, na kusi ya mwezi wa nane ina nguvu. Chukueni viroba vidogo vya kilo 5, mvijaze mchanga, fungeni kamba katikati, mfukie kina cha sentimita 40 hadi 50 vikiwa vimelala kukingama na kamba. Hema moja linataka viroba sita. Mlango uangalie mbali na upepo. Kambani fungeni fundo la kukazika, maana umande wa usiku hulegeza kitambaa na hema huanza kupigapiga.

Jiko la gesi la mtungi wa kilo 6 linatosha kabisa. Kinga ya upepo wekeni upande mmoja tu. Mkiuzungushia mtungi wote, joto hurudi kwenye gesi, nayo ni hatari. Ndani ya hema msiwashe chochote. Maji: lita 5 kwa mtu kwa siku za kunywa na kupikia, yaani lita 60 kwa safari yenu, na dumu moja la akiba.

Nyayo
Kutembea kunaruhusiwa mkiwa na askari mwenye silaha, na mnapanga naye ofisini mapema, siyo asubuhi hiyo hiyo. Ondokeni saa kumi na mbili. Lita 2 kwa kila mtu zinatosha kwa saa tatu. Nguo ziwe rangi ya majani makavu. Bluu na nyeusi huvuta mbung'o, naye hung'ata kupitia kitambaa chepesi. Karibu na Mto Wami msikae kati ya maji na majani ya malisho, hasa jioni, kwa sababu ndiyo njia ya kiboko. Chakula na viatu vilale ndani ya gari: nyani mchana, fisi usiku. Malipo ya lango si taslimu. Pateni namba ya malipo kabla hamjafika sehemu isiyo na mtandao.

Mkwaju88
Shukrani wakuu. Tukisogeza tarehe siku saba baada ya mwezi mpevu?

Bamvua
Hayo ni maji mafu, tofauti ndogo, ufuo hautembei sana. Mwezi utachomoza karibu saa sita usiku, kwa hiyo bebeni taa za kichwani zenye mwanga mwekundu. Mstari wa mwani mkavu bado ni ule ule, msishuke chini yake.