Mpiga solo wetu kaanzisha bendi ya mchepuko, jana jukwaani kamshukuru mpaka muuza chipsi, sisi HATUKUTAJWA

BesiNzito (mwanzisha uzi)

Wakuu, ni saa nane usiku na usingizi umegoma. Mods msiuhamishe huu uzi kule kwenye mapenzi, mchepuko ninaousema ni wa bendi.

Jina silitaji, halina haja. Yeyote aliyewahi kukanyaga shoo ya roki hapa Dar anamjua: anavaa miwani ya jua usiku, ndani ya ukumbi, na anatumia muda mrefu kutuni gitaa kuliko kulipiga. Huyo huyo.

Jana kazindua bendi yake mpya pale Msasani. Mpiga drams kamchukua wetu. Mwimbaji kamwokota sijui wapi. Siku aliyochagua ni siku yetu ya mazoezi, na sisi Jumamosi tuna kazi. Ampu iliyokuwa inanguruma pale jukwaani ni YANGU. Alinipigia akaniita kaka yangu, niazime usiku mmoja tu, nikampelekea mwenyewe na bajaji, nauli nikalipa mimi.

Nikasema sawa, nikae nyuma nimuunge mkono mwenzangu. Wimbo wa kwanza tu, nasikia kipande cha gitaa nakijua. Tulikitengeneza wawili, mimi na yeye, kwenye mazoezi. Alipokileta kwenye bendi akasema kinachelewa, hakina nguvu, tukitupe. Tukakitupa. Kumbe alikuwa anakiweka akiba! Hapo bado nilivumilia.

Sasa ikafika shukrani. Kashika maiki. Kamshukuru mwenye ukumbi. Kamshukuru fundi mitambo. Kamshukuru bodaboda aliyemleta. Halafu, wakuu, kamshukuru muuza chipsi wa pale nje, KWA JINA, na watu wakampigia makofi, na muuza chipsi akachungulia dirishani akapunga mkono akiwa na koleo. Mimi nimesimama mita tatu kutoka jukwaani. Macho yetu yamegongana. Akasema, "Basi, hao ndio watu wangu," akaanza wimbo.

Hao ndio watu wake! Bodaboda na chipsi! Mimi niliyebeba spika naye mvua inanyesha Kigamboni mpaka pantoni ikatuacha!

Na msinijie na "hata wazungu wanafanya". Nawajua vizuri wanavyofanya. Andrew Wood, mwimbaji wa bendi ya roki Mother Love Bone, alipofariki Seattle, Machi 1990, Chris Cornell, mwimbaji wa bendi ya Soundgarden, alikuwa amewahi kuishi naye nyumba moja. Akaandika nyimbo za kumlilia mwenzake. Hazikuwa nyimbo za Soundgarden, kule hazikuwa na pa kukaa. Akawaita Stone Gossard na Jeff Ament waliobaki yatima wa Mother Love Bone, wakaja Mike McCready na mpiga drams Matt Cameron, na kijana mmoja mgeni kutoka San Diego anaitwa Eddie Vedder akapewa nafasi ya kuimba. Hiyo ndiyo Temple of the Dog. Albamu moja, 1991, kila mtu akarudi kwenye kazi yake bila kumkanyaga mwenzake. Ule mchepuko ulikuwa na msiba nyuma yake. Wa kwetu una nini? Una chipsi!

Bendi ya pembeni inazaliwa pale mtu ana kitu ambacho bendi yake haiwezi kukibeba. Huyu hana kitu. Alichonacho ni kipande changu, ampu yangu na drams wangu. Kwa jina wakuu. Kamtaja muuza chipsi kwa jina.

Chumvi ya Mawe

Siti ya mbele, karanga ninazo. Endelea kulia mkuu.

Njia Kuu

Serikali ilitangaza mpaka kwenye mabango: michepuko sio dili, baki njia kuu. Hamkusikia.

Kidole Gumba

Muuza chipsi ana mchango kwenye muziki wa nchi hii kuliko wapiga besi wote mkijumlishwa. Yeye akikosekana shoo inavunjika. Besi ikizimika nani anajua?

BesiNzito

Kidole Gumba, wewe ndiye uliyekuwa unapiga makofi pale mbele, nimekuona. Alipunga mkono na KOLEO. Unaelewa ninachokisema?

Fundi Nyuzi

Pole mkuu, nakuelewa, ila tulia. Hiyo bendi haina miezi sita. Bendi za hivi hazifi kwa ugomvi, zinakufa kwa kalenda. Hakuna aliyeapa kuzilinda. Bendi mama ikipata kazi yenye hela, pembeni panalala.

Angalia Them Crooked Vultures. Dave Grohl, Josh Homme, na John Paul Jones wa Led Zeppelin mwenyewe. Watu wangeuza figo kuwaona. Albamu moja 2009, kisha Grohl karudi Foo Fighters, Homme karudi Queens of the Stone Age, kimya. Hakuna aliyemtukana mwenzake, nafasi tu ilikosekana.

Audioslave hao walionekana kabisa wamefunga ndoa: Cornell huyo huyo pamoja na watatu wa Rage Against the Machine walioachwa na mwimbaji wao mwaka 2000. Wakatoa albamu tatu. Februari 2007 Cornell akatangaza kuondoka, Aprili Rage wakapanda jukwaani kwenye tamasha la Coachella na Zack de la Rocha, mwimbaji wao yule yule, kama hakuna kilichotokea.

Nyingine zinaondoka na watu wenyewe. Mad Season ilianza 1994 baada ya McCready yule wa Temple of the Dog kukutana na mpiga besi John Baker Saunders kwenye kituo cha kuachia ulevi Minnesota. Wakamchukua Layne Staley wa Alice in Chains kwa matumaini kwamba akikaa na watu walioacha, naye ataacha. Albamu ikatoka 1995, nzuri sana. Staley hakuacha. Saunders akafariki 1999, Staley 2002. Hiyo naisikiliza mara chache kwa sababu inaniumiza.

Wako atarudi. Atakuja na ampu yako na stori ndefu.

BesiNzito

Fundi Nyuzi nakuheshimu, ila hao uliowataja wote walikuwa wanatajana! Nenda kasome majalada ya albamu zao, shukrani kurasa nzima! Huyu alikuwa na maiki mkononi na mimi mbele yake. Angesema hata "na wale wenzangu". Maneno matatu. Hakuwa nayo. Ya muuza chipsi alikuwa nayo.

Dada Drams

Ngoja niingie maana nimechoka. "Drams wangu". "Drams wetu". Kamchukua, kamwiba. Mpiga drams ni mbuzi? Ana akili zake, aliitwa akaenda kwa sababu huko kuna mtu alimuuliza anataka kupiga nini! Mimi nimepiga kwenye bendi nne hapa mjini na sijawahi kuulizwa. Naambiwa tu "punguza".

Na huo uzi wako umeruka kisa kinachokuhusu kuliko vyote. Bendi ya Talking Heads. Mwimbaji David Byrne akawa ndiye bendi, magazeti yanamwandika yeye, naye 1981 yuko bize na kazi zake. Chris Frantz wa drams na mkewe Tina Weymouth wa BESI, mkuu, besi kama wewe, hawakufungua uzi kulia. Wakaenda Bahamas, studio ya Compass Point pale Nassau, wakaanzisha Tom Tom Club, na albamu ya kwanza ikapata dhahabu ya mauzo Marekani. Mdundo wao mpaka 1995 Mariah Carey anauchukua. Mtu akikuacha nje ya shukrani, nenda katafute Nassau yako.

Chumvi ya Mawe

Dada kaua. Nani ana maji?

BesiNzito

Nassau yangu naifungua na ampu gani? Ampu iko kwake!!!

Mgeni toka Nairobi

Watu wa Dar mna bahati hata ya kuachwa nje ya shukrani, maana yake shoo ilikuwepo. Sisi huku mchepuko ndio uliotutoa. Martin Kanja na Sam Karugu walikuwa kwenye bendi za metali za Nairobi, kila mtu kwake, wanapigia watu wale wale kila mwezi. Wakakaa wawili na kompyuta wakatengeneza Duma. 2020 albamu ikatoka Kampala kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes, na Ulaya wakaanza kuuliza Nairobi kuna nini. Halafu nayo ikafifia, Kanja sasa yuko peke yake kama Lord Spikeheart. Bendi walizotoka, nani anazikumbuka nje ya Nairobi? Kwa hiyo bro, omba huyo jamaa afanikiwe, labda mtatajwa kwenye mahojiano.

BesiNzito

Nitajwe kwenye mahojiano! Baada ya chipsi!

Mzee wa Msondo

Vijana shikamooni hamtoi lakini mnapiga kelele. Mnahangaika na Seattle wakati darasa liko hapa Ilala.

Zamani mchepuko haukuwepo kwa sababu vyombo havikuwa vya mwanamuziki. NUTA Jazz vyombo vya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park baadaye ikawa ya DDC, shirika la maendeleo la Dar, vyombo vya shirika. OSS, yaani Orchestra Safari Sound, ya mfanyabiashara. Wewe ulikuwa na sauti yako na vidole vyako, basi. Ukijifanya una bendi ya pembeni, utaipigia ndoo? Kwa hiyo mtu alikuwa akichoka anahama mzima mzima. Marehemu Muhidin Gurumo katoka NUTA kaenda Mlimani 1978, katikati ya miaka ya themanini kaenda OSS, mwisho karudi Msondo, ndiyo NUTA ile ile kwa jina jipya, kamalizia huko. Ukiondoka unaondoka mchana, watu wanaona, na bendi uliyoiacha inakutungia wimbo wa kukusema. Kulikuwa na adabu.

Siku hizi kila mmoja ana gitaa lake uvunguni na kompyuta, anaoa asubuhi anachepuka jioni. Sasa huyo wenu kosa lake si kuanzisha bendi. Kosa lake ni kutoaga.

BesiNzito

Shikamoo mzee. Asante sana. Umesema. HAKUAGA.

Kidole Gumba

Aliaga, alikuomba ampu. Wewe ulidhani anaipeleka kipaimara?

Sauti ya Kwanza

Samahani, hivi kile kipande si mlikitupa wenyewe? Mtoa mada kaandika kwa mkono wake "tukakitupa". Kitu kikishatupwa aokotaye ni chake. Mimi naona jamaa kasafisha mazingira.

BesiNzito

ALITUAMBIA TUKITUPE! Ndiyo hoja yenyewe! Soma uzi ndugu! Na hata hicho nilimsamehe pale pale, nikasema muziki ni wa wote. Kilichoniua ni koleo. Mpaka sasa nikifunga macho naliona lile koleo linapunga.

Kiingilio Buku Tano

Nyie mnalilia shukrani, mimi kuna promota mmoja, mnamjua, mnene, gari jeupe, ana deni langu tangu Sabasaba ya mwaka juzi. Juzi nimemwona kapost yuko Zanzibar anakula pweza. Ule pweza ni hela yangu ya kodi. Nataka shukrani za nini mimi, nataka hela.

Dada Drams

Huyo promota kumbe yupo! Na mimi ananidai risiti! Alinilipa nusu akasema nimlete risiti ya nusu aliyobaki nayo!

Kiingilio Buku Tano

Dada njoo PM tuungane, tuko wengi, tuna na kundi la WhatsApp.

Njia Kuu

Nyie wote afadhali. Jirani yangu kafungua kanisa sebuleni, spika nne zinaangalia dirisha langu. Mpiga kinanda wao anajua wimbo mmoja na haumalizi. Nikienda serikali ya mtaa, mwenyekiti ndiye mzee wa kanisa.

Mgeni toka Nairobi

Hiyo ya kanisa ni Afrika Mashariki nzima. Huku kwetu mpiga gitaa wetu tulimpoteza hivyo, kanisa lina jenereta na wanalipa kila Jumapili. Uliza roki inalipa nini.

Fundi Nyuzi

Hata Dar. Wapiga gitaa wazuri wote Jumapili asubuhi unajua pa kuwapata.

BesiNzito

Jamani turudi kwenye mada. Nimempigia asubuhi hii hajapokea. Jumamosi tuna kazi na sijui kama nina mpiga solo wala mpiga drams.

Mzee wa Msondo

Spika za kanisa dawa yake ni kuongea na mchungaji kabla ya ibada, si baada. Mimi nilifaulu Buguruni.

Ubungo Stesheni

Samahani wakuu, nimefika sasa. Mtoa mada, hiyo ampu ni ya besi au ya gitaa? Inatoa wati ngapi?

BesiNzito

Ya besi, wati mia tatu. Unauliza ili iweje?

Ubungo Stesheni

Ukiipata rudishwa nina laki nne taslimu.

Kidole Gumba

Laki nne kwa ampu iliyolala na mchepuko? Mimi ninayo ambayo haijatoka nyumbani, laki tatu na nusu, ina waya wake na gamba lake.

Ubungo Stesheni

Gamba lina matundu? Tuma picha.

Kidole Gumba

Tundu moja, dogo, ni la panya. Sauti haijaguswa. Njoo PM.

Njia Kuu

Kidole Gumba, inaweza kuzidi spika nne za kanisa?