MREJESHO: Kupima ukali wa moshi wa maganda ya nyaya, Unguja

Assalamu alaikum wadau. Niliuliza vipi nitajua, bila maabara, ni waya gani ukiungua moshi wake utakula shaba na bodi za mitambo katika chumba cha seva hapa Mji Mkongwe. Ahsanteni sana nyote.

Njia ya waya wa shaba imefaa: upashe moto mpaka uwe mwekundu, gusisha ganda, urudishe motoni. PVC, plastiki ya kawaida ya nyaya, ilitoa mwali wa kijani, dalili ya klorini. Ganda lisilo na halojeni (klorini na jamii yake) halikutoa.

Kisha nilichoma gramu 1 ya ganda ndani ya bomba la kioo kinachostahimili moto, hewa ya pampu ikisukuma moshi majini. Ushauri wa maji ya kisima haukufaa: yana chokaa ya mawe ya matumbawe inayomeza asidi, kwa hiyo pH (kipimo cha asidi; ikishuka, asidi imezidi) haikusogea. Tumieni maji ya betri (si asidi ya betri!), na myapime kwanza, maana kaboni dioksidi ya hewani huyashusha hadi pH karibu 5.6. PVC iliporomoka chini ya 4.3, kikomo kinachopendekezwa katika IEC 60754-2, kiwango cha kimataifa cha kupima asidi ya moshi wa nyaya. Ganda lile lisilo na halojeni lilibaki juu.

Chomoeni bomba majini kabla ya kuzima moto, la sivyo maji hurudi nyuma na kupasua kioo.

Vibati vya shaba vilivyotundikwa wazi kuona kama moshi utavila havikusaidia. Hata kisichopata moshi kilipiga weusi kwa hewa ya chumvi.

Tanuri nililochomea halifiki nyuzi 935 za kipimo rasmi, kwa hiyo ni la kulinganisha tu, si la kutolea cheti. Na fanyeni nje, upande upepo unakotoka. Gesi ya asidi iliyo katika moshi wa PVC inaunguza mapafu.