Nimepata nafasi ya MBA Uingereza kwa nusu ada. Niuze kiwanja cha Iyumbu?

MhasibuMakole (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za majukumu. Naombeni ushauri, na wenye matusi wapite nyuzi nyingine, leo sina nguvu.

Mimi ni mama wa miaka 33, mhasibu kwenye taasisi moja hapa Dodoma, cheti cha juu cha uhasibu, CPA, ninacho. Nina mume na binti mmoja wa miaka minne. Nimepata nafasi ya kusoma MBA, yaani shahada ya uzamili ya biashara, ya mwaka mmoja Uingereza, nje ya London. Ada ni pauni 24,000, chuo kimenipunguzia nusu, kwa hiyo nadaiwa 12,000. Nimesoma ile barua pepe kama mara arobaini.

Hesabu yangu ni hii: nina kiwanja Iyumbu, hapa hapa Dodoma, hati imeshatoka, kuna mtu yuko tayari kutoa milioni 32. SACCOS nina milioni nane. Jumla arobaini, ada imeisha. Chakula na kodi nitajitafutia kwa vibarua vya huko, nasikia wanalipa kwa saa na wanalipa vizuri. Mtoto nakwenda naye, mume atatufuata akimaliza mkataba wake wa barabara Singida. Yeye nikimuuliza anasema "amua mwenyewe", na walioolewa humu mnajua maana yake.

Chuo kinataka malipo ya awali ndani ya wiki tatu. Niuze?

Zabibu_Chungu

Usiuze. Kiwanja cha Iyumbu ukikiuza leo, ukirudi na MBA yako utakinunua kwa mshahara wa nani?

KibaigwaMahindi

Uza dada. Ardhi haikimbii, nafasi inakimbia. Mimi nilipata nafasi India 2014 nikaogopa, sasa hivi nipo hapa gulioni nahesabu magunia na digrii yangu ya uchumi.

Zabibu_Chungu

@KibaigwaMahindi magunia hayo hayo ndiyo yamekujengea nyumba, usitudanganye.

Mrudi_Mtumba

Dada @MhasibuMakole, nimesoma MBA kule, mji wa kaskazini, nikarudi 2023. Sikukatishi tamaa, ila hesabu yako ina matobo matatu na moja ni kubwa kama korongo.

Mtoto kwanza. Haendi. Tangu tarehe 1 Januari 2024 anayejilipia shahada ya uzamili ya kawaida haruhusiwi kuombea mwenza wala mtoto viza ya kumfuata, labda iwe ya utafiti au PhD. Mimi niliwahi mlango ukiwa wazi, mke wangu alikuja. Wewe utakuta umefungwa.

Pili, ada peke yake haikupi viza. Wanataka waone na hela ya kuishi, tayari benki, siyo ya kuja kutafuta. Kwa nje ya London walipandisha Novemba 2025 ikawa pauni 1,171 kwa mwezi, wanahesabu miezi tisa. Hiyo ni 10,539. Ukipiga pauni kwa shilingi 3,300 ni karibu milioni 35, na inatakiwa ikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini hata siku moja. Hapo bado ada ya viza na ile tozo ya afya. Tozo ni pauni 776 kwa mwaka, ila viza ya kozi ya mwaka inaongezwa miezi ya mwishoni, kwa hiyo unalipa mwaka na nusu, 1,164, kabla hujaona hata daktari mmoja. Na kipimo cha kifua kikuu unakifuata Dar.

Yaani kiwanja kinaisha hujapanda hata treni ya kwenda Dar kupima kifua.

MhasibuMakole

Nimekaa chini. Mtoto haendi kabisa? Wakala aliyenisaidia kuomba aliniambia "mambo ya familia tutayaweka sawa baadaye".

Nesi_Hombolo

Wakala analipwa ukisajiliwa, mdogo wangu. Halipwi ukilala pembeni ya mwanao.

PesaMbili

Siku 28 siyo tatizo wadau. Unaazima hela kwa mtu, inakaa mwezi, unatoa karatasi ya benki, unarudisha na asante kidogo. Wengi wamepita hivyo.

Mrudi_Mtumba

@PesaMbili acha kumpoteza dada wa watu. Hela inatakiwa iwe yake, au ya mzazi kwa barua na cheti cha kuzaliwa. Wakigundua udanganyifu wanamnyima viza na wanaweza kumfungia miaka kumi. Mhasibu mwenye CPA aingie kwenye rekodi za kughushi taarifa ya benki? Huyo amejifukuzisha kazi mwenyewe.

Niendelee na tobo la tatu, ndilo korongo lenyewe: vibarua.

Viza ya mwanafunzi inakupa saa 20 kwa wiki kipindi cha masomo. Kima cha chini cha mwaka 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Zidisha mwenyewe, wewe ndiye mhasibu: 244 kwa wiki, kama 1,058 kwa mwezi kabla ya makato. Sasa rudi kwenye ile 1,171 ambayo wao wenyewe wanaiona ndiyo ya kuishi. Ukipata saa zote ishirini kila wiki, bila kuugua, bila mtihani, bado hujafika. Na saa zote ishirini hupewi. Mimi nilikuwa ghala la vifurushi, wiki nyingine wananipa saa nane, wiki nyingine ujumbe wa simu usiku kwamba kesho usije.

Halafu kuna masomo yenyewe, hapa wengi hamuambiwi. Nikueleze siku yangu ya kwanza tu. Nimeingia nikakaa nyuma, kama nilivyokaa tangu shule ya msingi. Nikaambiwa nafasi yangu ipo mstari wa pili, ina kibao chenye jina langu kimegeuziwa kwa mwalimu. Jana yake tulipewa kisa cha kurasa 19, kampuni ya viatu inafikiria kufunga kiwanda. Wanaita "kesi", nikadhani kuna mashitaka. Mwalimu hakufundisha chochote. Akasoma kibao changu kwa shida, akasema, haya, wewe ndiye mkurugenzi, unafanyaje? Kisa nilikisoma mara mbili, jibu ninalo, mpaka nimelipigia hesabu pembeni. Lakini mimi ni mtoto wa Kigogo wa Mpwapwa, nimelelewa kwamba mkubwa akiuliza unajibu kifupi na unashusha macho. Nikajibu sentensi moja. Jamaa wa pembeni yangu, naapa hakuvuka ukurasa wa pili, akaongea dakika tatu nzima, mwalimu anaitikia kwa kichwa na anaandika.

Mchango darasani ulikuwa alama 20 kati ya 100 kwenye somo lile. Nilipata saba.

Nilijifunza, ila ilinichukua mpaka Januari. Nilikuwa naandika sentensi mbili pembeni ya karatasi usiku, kesho yake nanyoosha mkono mapema kabla hoja yangu haijachukuliwa na mwingine. Sasa linganisha: kesi mbili tatu za kusoma kila siku, kikundi cha watu watano kutoka nchi tano ambacho kinapanga kikao Jumamosi asubuhi, na zamu yako ya ghala ni Jumamosi saa 12 asubuhi. Nilikosa vikao viwili. Hakuna aliyenigombeza. Waliacha tu kunitumia ujumbe.

Na kama unategemea kazi huko baada ya masomo, kampuni kubwa zinafungua maombi ya mwaka unaofuata kuanzia Septemba, Oktoba. Yaani unatua, hujajua hata koti linauzwa wapi, tayari unatakiwa uwe unaandika maombi. Desemba saa kumi jioni giza limeshaingia. Kwa mtu aliyezoea jua la Dodoma hilo peke yake ni somo.

Zabibu_Chungu

Huyu kaandika kitabu. Ila nimesoma chote.

MzeeWaNanenane

Mwanangu mhasibu, umegusia ada na mtoto. Mwajiri hujamtaja. Barua ya ruhusa ya masomo umeshaomba? Nimestaafu utumishi, nimeona vijana wazuri wakiondoka kwa mdomo tu, "bosi anajua". Bosi akahamishwa, aliyekuja akakuta kiti kitupu, ikaandikwa utoro kazini. Wewe pita kwa afisa utumishi, pata maandishi, na uulize mshahara utakuwaje na utatakiwa kurudi kufanya kazi miaka mingapi. Usiulize koridoni.

MhasibuMakole

Shikamoo mzee. Kusema ukweli sijaomba. Niliogopa ofisini wasijue mapema, maneno yakaanza.

MzeeWaNanenane

Marahaba. Maneno yataanza hata ukinunua viatu vipya.

Chimwaga_Jioni

Kwa nini usisome hapa hapa? Chuo kikuu chetu cha Dodoma, UDOM, MBA ipo, na chuo cha biashara CBE kipo mjini. Unatoka kazini, unaingia darasani, unarudi kwako kulala.

MhasibuMakole

@Chimwaga_Jioni nimefikiria sana. Ila nimekaa kwenye vitabu vya hesabu miaka tisa, kila mwaka fomu zile zile. Nataka kukaa chumba kimoja na watu ambao hawajawahi kusikia neno "halmashauri". Sijui kama naeleweka.

Chimwaga_Jioni

Unaeleweka sana.

Nesi_Hombolo

Mimi niseme la mtoto, maana wanaume humu wanahesabu pauni tu. Mwaka 2019 nilikwenda kozi ya miezi kumi, nikamwacha wangu wa miaka mitatu kwa mama. Kila siku saa mbili usiku napiga simu ya picha. Miezi miwili ya mwanzo alilia. Mwezi wa tatu akaacha kulia. Mwezi wa sita bibi anamwambia "njoo umsalimie mama", anasema "nacheza". Nilirudi akaniita shangazi siku tatu. Baadaye alizoea, leo ananisumbua kama kawaida. Ila uzijue hizo siku tatu kabla hujakata tiketi. Atakaa na nani?

MhasibuMakole

Mama yangu yupo Kondoa, anampenda kuliko anavyonipenda mimi. Ila sijamwambia bado. Nilidhani nakwenda naye.

Mrudi_Mtumba

Ushauri wangu dada: kiandikie chuo leo, waombe kusogeza nafasi yako mpaka mwaka ujao, na uulize kama punguzo linasogea nayo. Wengi wanakubali, ila lazima iwe kwa maandishi. Ukishapata muda, omba ufadhili kamili. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, hufungua Agosti na kufunga mapema Oktoba, wanataka uzoefu wa kazi wa miaka miwili na unao mara nne. Kwa MBA wana kikomo cha ada, kiangalie. Ukimaliza unatakiwa urudi nyumbani ukae angalau miaka miwili, jambo ambalo kwa mtu mwenye binti Kondoa halina shida. Insha zao nitakusaidia kusoma, zangu zilikataliwa mara moja kwa hiyo najua zinavyonuka zikiwa mbaya.

KibaigwaMahindi

Nafuta ushauri wangu wa kuuza. Sikujua ile ya mtoto.

MhasibuMakole

Nimerudi wakuu, samahani kwa kimya. Chuo nimewaandikia juzi, jana wamejibu: nafasi inasogea, punguzo wataliangalia upya. Siyo jibu nililotaka, lakini siyo la kukataa. Wakala amepiga simu mara sita, sijapokea. Jumatatu naingia kwa afisa utumishi na barua mkononi, mzee asante. Mume nimemwonyesha uzi huu. Amesoma mpaka pale kwa Nesi, akaweka simu chini, akasema tungeongea haya tangu mwanzo. Kwa hiyo tumeongea.

@Mrudi_Mtumba nakuja faragha kwa habari ya insha.

PesaMbili

Na kile kiwanja, ni cha kona?

MhasibuMakole

Hakiuzwi.